Umri wa Gari na Umri wa Kipuri: Safari ya Vipuri vya Magari Nchini Uganda

Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilirekebisha Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani na kupiga marufuku uingizaji wa gari lolote lililokwisha kutimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Majirani walikuwa wametangulia, kila mmoja kwa njia yake. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania haikufunga mlango, ila huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada, hata mnunuzi akalazimika kupiga hesabu upya. Sheria ya Uganda ina sifa moja nzuri: ni rahisi kuitekeleza. Ofisa wa forodha hana haja ya kufungua boneti wala kulala chini ya gari, kwa kuwa mwaka wa kutengenezwa umeandikwa katika hati.

Hata hivyo, sheria hiyo haikuyagusa magari yaliyokuwa yamekwisha kuingia. Tembea mjini Kampala utaliona kikumi, yaani Toyota Corolla ya toleo la 100 la miaka ya 1990, likisubiri abiria kando ya barabara. Kikumi kwa Kiganda ni mia, na hapo ndipo gari lilipopata jina lake. Hati ya gari hilo inasema lina miaka 30. Mwili wake unasema mengine. Injini huenda imetoka katika gari jingine lililovunjwa Japani. Pedi za breki zina miezi mitatu. Taa ya kushoto ilinunuliwa wiki iliyopita baada ya ile ya kwanza kuibwa. Usukani ni ule ule wa siku ya kwanza. Ni gari moja lenye umri kumi au ishirini tofauti. Sheria husoma cheti cha kuzaliwa, ilhali uhai wa abiria hutegemea vile vitu vidogo vilivyofungwa jana na juzi, ambavyo havina cheti.

Kwa hiyo swali la usalama wa magari ya zamani ni swali la vipuri, na swali la vipuri ni hili: nani alikitengeneza kipuri hiki, nani anajua kilikotoka, na nani atajibu kikivunjika? Katika historia ya Uganda swali hilo limejibiwa kwa namna mbalimbali, na kuna nyakati halikuwa na jibu kabisa.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya lugha. Kiswahili sanifu kina kipuri, wingi wake vipuri, na ndilo neno la makala hii. Lakini ndugu mwanafunzi, siku gari litakapokuharibikia Mombasa au Mwanza, uliza duka la spea. Utafika upesi zaidi.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kama ilivyokuwa kwa biashara nyingine nyingi za mijini, uagizaji wa magari na vipuri nchini Uganda ulikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa makampuni ya Kiingereza na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Aliyekuwa na Peugeot au Volkswagen alikwenda kwa wakala, akataja aina ya gari, akapewa kifaa chenye namba ya kiwanda. Mfumo huo tusiusifu kupita kiasi. Ulikuwa wa bei kubwa, ulijengwa juu ya migao ya kikoloni iliyompangia kila mtu kazi kwa rangi yake, na Mwafrika aliyekuwa fundi hodari alibaki chini ya gari huku mwingine akikaa kwenye kaunta. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo baadaye lilikosekana: mnyororo wa watu wanaojulikana, kutoka kiwandani hadi dukani, na kila pete ya mnyororo huo ikiwa na anwani.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka. Maduka, viwanda na gereji zao zikagawiwa, nyingi kwa askari na watu waliokuwa karibu na utawala. Amin aliviita vita vya uchumi. Waliofaidika walipewa na wananchi jina la Kiswahili ambalo bado linasomwa katika vitabu vya historia: mafuta mingi. Mwalimu wa sarufi atakwambia ni mafuta mengi, na atakuwa na haki, lakini hicho kilikuwa Kiswahili cha kambini na sokoni, na kwa jambo lililoelezwa kilitosha kabisa. Amin huyo huyo ndiye aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukisaidia sana Kiswahili mbele ya raia waliokisikia kila siku kinywani mwa mtu mwenye bunduki.

Duka la vipuri si duka la sukari. Mwenye kuuza sukari anaweza kujifunza kazi kwa siku moja, ilhali duka la vipuri lina maelfu ya vitu vinavyofanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita; huendeshwa kwa katalogi, kwa barua za kuagiza, kwa mkopo wa wauzaji wa ng'ambo na kwa kumbukumbu ya mtu aliyekaa hapo miaka 20. Mambo hayo hayakuweza kugawiwa pamoja na funguo za mlango. Bidhaa zilizokuwa rafuni ziliuzwa, na zilipokwisha hapakuwa na aliyejua kuagiza nyingine, wala fedha za kigeni za kuagizia. Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi mwaka 1976. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na njia ya kawaida ya mizigo kutoka Mombasa ikazidi kuwa ngumu.

Ndipo neno jingine la Kiswahili lilipotawala uchumi wa Uganda: magendo. Kahawa ilivuka mpaka kwenda Kenya usiku, na kwa njia hiyo hiyo zikarudi sabuni, chumvi, matairi na vipuri. Tazama kilichotokea kwa kile kipuri. Kifaa cha Peugeot kilichonunuliwa Nairobi kwa halali kilifika Kampala bila karatasi, bila risiti na bila jina la aliyekileta. Aliyekiuza hakutaka kujulikana, na aliyekinunua hakuuliza, kwa kuwa kuuliza kungeweza kumkosesha kifaa au kumletea balaa. Ulikuwa mwanzo wa desturi iliyoendelea hata baada ya sababu zake kuondoka: kipuri kinachouzwa na mtu asiye na jina kwa mtu asiyedai karatasi.

Magari yasiyopata hata kipuri cha magendo yalisimama. Mabasi ya Uganda Transport Company, yaliyojulikana kote nchini kwa ufupi kama UTC, yaliwekwa kando moja baada ya jingine, na yaliyosimama yakanyofolewa viungo ili yale yaliyobaki yaendelee kutembea. Njia hiyo ina hesabu yake ya huzuni: kila gari linalookolewa hulizika jingine.

Palikuwa na njia nyingine, nayo ilikuwa Katwe. Mtaa huu ulio kusini ya katikati ya Kampala ulikuwa na mafundi wa chuma tangu zamani, wafua masufuria na sigiri, watengenezaji wa milango na mageti. Wakati wa dhiki walifua chochote kilichohitajika: bushi za chuma na mpira, mabomba ya moshi, mabano ya kushikilia injini, springi zilizokunjwa upya, gia zilizochongwa kwa mashine ya kukereza. Hadi leo jina la Katwe husemwa kwa kejeli na watu wenye pesa, na kwa heshima na watu wenye magari. Binafsi nipo upande wa pili. Kipuri cha Katwe mara nyingi kilikuwa hafifu kuliko cha kiwandani. Chuma chake hakikupimwa, na hakuna aliyejua kitastahimili uzito gani. Lakini kilikuwa na mwenyewe. Kikikatika, mwenye gari alirudi na vipande viwili mkononi, akamkuta fundi palepale chini ya bati lile lile, wakatazama pamoja mahali kilipokatika, na cha pili kikafuliwa kinene zaidi. Kwa upungufu wake wote, huo ulikuwa udhibiti wa ubora, wa taratibu na wa hatari, kwa sababu chombo cha kupimia kilikuwa abiria.

Utawala wa Amin ulianguka mwaka 1979, vita vya kugombea utawala havikukoma hadi 1986, na sheria ya mwaka 1982 iliyowawezesha Waasia kudai mali zao ilianza kuzaa matunda ya kweli katika miaka ya 1990. Wakati huo soko lilikuwa limekwisha kubadilika. Serikali mpya ililegeza masharti ya fedha za kigeni na biashara, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika, mengi yakipitia Dubai. Mtu ambaye baba yake hakuwahi kuota kumiliki gari sasa aliweza kununua Corona au Carina. Toyota HiAce ikapewa jina la kamunye, ndege mkali wa kunyakua, kwa jinsi inavyonyakua abiria njiani. Kwa mara ya kwanza gari halikuwa tena kitu cha waziri na daktari peke yao. Wanaoyalaani magari ya mitumba kwa jumla husahau jambo hilo.

Magari yalipofika kwa wingi, vipuri vikafuata, na soko lake likawa Kisekka. Lipo karibu na Barabara ya Nakivubo na Barabara ya Kyaggwe, na jina lake linamkumbuka Daktari Samson Kisekka, Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1986 hadi 1991 na baadaye Makamu wa Rais. Kwa miaka mingi lilikuwa soko la mabanda ya mbao na bati, kabla ya mabanda kubomolewa na ujenzi wa ghorofa kuanza katika muongo wa 2010. Ndani yake injini zilipangwa kama magunia ya mahindi, milango ya magari ilining'inia kama nguo, na vijana walimkimbilia kila dereva aliyepunguza mwendo wakiuliza anatafuta nini. Lilikuwa pia soko la ghasia za kisiasa na la vioo vilivyoibwa. Ndiyo maana wenye magari wa Kampala, kama wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam, huchora namba ya usajili juu ya vioo vya pembeni na taa. Ukiona gari lenye kioo kilichoandikwa namba ya gari jingine, umekwisha kusoma historia nzima ya kipuri hicho.

Kisekka inauza vitu vya aina nne vilivyochanganywa kaunta moja, na hapa pana haja ya kusema polepole, maana watu wengi huvichanganya hata katika mijadala ya bungeni. Kuna kipuri halisi, kilichotengenezwa au kuidhinishwa na kampuni ya gari lenyewe na kufungwa katika boksi lake. Kuna kipuri mbadala, kilichotengenezwa na kiwanda kingine kwa jina lake chenyewe. Kiwanda hicho hakidanganyi mtu, na wakati mwingine ndicho hicho hicho kinachoiuzia kampuni ya gari, ila boksi ni tofauti na bei ni nafuu. Kuna kipuri kilichotumika, kilichong'olewa katika gari lililovunjwa. Na kuna kipuri bandia, kilichotengenezwa na asiyejulikana na kuvishwa jina la anayejulikana. Waganda hukiita kiwaani, Watanzania hukiita feki.

Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kukiweka kipuri mbadala na kipuri bandia katika kapu moja. Kenya ilijifunza somo hilo kwa njia ya dawa. Sheria yake ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia ilieleza maana ya bandia kwa upana mno, hata watu waliokuwa wakitumia dawa mbadala za virusi vya UKIMWI wakaogopa kwamba dawa zao halali na za bei nafuu zitakamatwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliwapa haki: dawa mbadala si dawa bandia, na sheria isiyotofautisha inahatarisha uhai. Uganda nayo ilipoandaa mswada wa aina hiyo, watetezi wa afya walieleza hofu ile ile. Vipuri havina mawakili wengi kama dawa, lakini hoja haibadiliki. Ukiwaambia madereva kwamba kila kisichotoka kwa wakala ni takataka, hutawafanya wanunue kwa wakala, kwa kuwa hawana pesa hizo. Utawafanya waache kutofautisha kizuri na kibaya, na hapo ndipo mwuzaji wa bandia anapowataka.

Tuchukue pedi za breki, maana ndizo zinazonunuliwa mara nyingi na ndizo zinazoua kimya. Pedi ni bamba la chuma lililogandishwa tabaka la mchanganyiko mgumu wa nyuzi, unga wa madini na gundi maalumu. Dereva akikanyaga breki, tabaka hilo hulibana diski linalozunguka na kugeuza mwendo kuwa joto. Kazi yote ya mhandisi iko katika joto hilo. Pedi nzuri hushika karibu sawasawa ikiwa baridi au moto. Pedi mbaya hushika vizuri ikiwa baridi, tena pengine kuliko ile nzuri, ndiyo sababu dereva akijaribu gari nje ya duka huridhika na kumshukuru mwuzaji. Anakuja kuujua ukweli siku anaposhuka mlima wa Kabale au Kapchorwa akiwa na mizigo na abiria: breki hufifia, mguu hufika sakafuni, gari haliitiki. Kuna na ubaya wa pili, wa tabaka kubanduka kutoka kwenye bamba kwa sababu gundi haikupikwa ipasavyo. Ubaya wote huo hauonekani kwa macho wala hausikiki kwa kucha.

Kwa sababu hauonekani, Ulaya ilitunga utaratibu wa kuupima mahali pengine kabla pedi haijafika dukani. Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza miaka ya 1990, inataka pedi mbadala ijaribiwe, na nguvu yake ya kusimamisha gari isitofautiane na ile ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Iliyofaulu hupigwa chapa ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Angalieni kwamba kanuni hiyo haikuzuia viwanda vidogo kushindana na makampuni makubwa. Iliwataka tu waonyeshe kazi yao. Chapa yenyewe, bila shaka, inaweza kughushiwa na yeyote mwenye muhuri, na kwa mnunuzi wa Kampala ni dalili ya kutia moyo zaidi kuliko ushahidi.

Pedi za zamani zilikuwa na hatari nyingine ambayo haikumlenga dereva. Zilitiwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayostahimili joto vizuri mno na kuharibu mapafu vizuri vile vile. Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku kwa agizo la mwaka 1999 lililokamilika mwaka 2005. Vumbi la breki hupulizwa na fundi kwa hewa ya kompresa, au kwa pumzi yake mwenyewe, huku uso wake ukiwa karibu na gurudumu. Na ugonjwa wa asbesto huchukua miaka mingi hata miongo kadhaa kujitokeza, kiasi kwamba hakuna atakayeuhusisha na pedi za bei rahisi alizofunga akiwa kijana. Katika mjadala wa usalama barabarani sijasikia mara nyingi fundi akitajwa kuwa mmoja wa watu wanaostahili kulindwa.

Vipuri vilivyotumika vina simulizi yake. Wanunuzi wengi wa Uganda huamini kwamba kifaa kilichotumika Japani ni bora kuliko kipya kisichojulikana, na kwa vitu kama kioo, mlango, hata giaboksi, imani hiyo ina mantiki: angalau kiwanda kinajulikana, na kifaa kimekwisha kujithibitisha. Kwa breki, mipira, matairi na mifuko ya hewa mantiki hiyo huvunjika, kwa sababu vitu hivyo huzeeka hata vikikaa bure. Tairi lina tarakimu nne ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT: 1715 ni wiki ya 17 ya mwaka 2015, hata kama kashata zake zinang'aa kama za jana.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Kilipulizi chake kilitumia amoniamu naitreti, kemikali ambayo ikipigwa na joto na unyevunyevu kwa miaka huweza kulipuka kwa nguvu kupita kiasi, na ganda la chuma likageuka vipande vya kumchoma dereva. Marekani peke yake iliamuru vilipulizi vipatavyo milioni 67 virudishwe, na Takata ikaomba kufilisiwa mwezi Juni 2017. Sasa fikiri utaratibu wa kurudisha unavyofanya kazi: kampuni humwandikia mwenye gari barua. Gari likiwa limekwisha kuuzwa, likapakiwa melini, likashushwa Mombasa na kusajiliwa upya Kampala, barua huenda Osaka au Nagoya kwa mtu ambaye amekwisha kulisahau. Uganda ni nchi ya joto na unyevunyevu, na magari yake mengi ni ya makampuni yaliyonunua kwa Takata, Toyota na Honda yakiwemo. Gari likivunjwa, usukani wake huweza kung'olewa na kufungwa katika gari jingine pamoja na mfuko ndani yake. Mwuzaji hadanganyi anaposema ni kipuri halisi. Ni halisi kweli, na ndicho kinachotisha.

Na ukaguzi je? Ulijaribiwa. Serikali iliipa kampuni ya Uswisi, SGS, kazi ya kukagua magari kwa lazima, na vituo vikaanza kazi mwaka 2016. Wenye magari walilalamikia ada, wabunge walilalamikia mkataba, na mwaka 2017 mpango ukasimama. Malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Kumlazimisha mtu kulipia ukaguzi kisha kumrudisha katika soko lile lile lisilokaguliwa ni kumtoza kodi ya makosa ya mwingine. Hata hivyo ukaguzi ulipoondoka, kikaondoka pia chombo cha kujua magari ya nchi yana hali gani. Ripoti ya polisi ya mwaka 2023 ilihesabu watu 4,806 waliokufa barabarani. Sababu kubwa inayotajwa kila mwaka ni uzembe wa madereva, nami sina shaka kwamba uzembe upo. Lakini gari lililopinduka mteremkoni, ambalo halikuwahi kukaguliwa likiwa zima na halifunguliwi pedi zake likiwa chuma chakavu, litaandikwa nini kama si mwendo kasi?

Sheria ambayo raia wengi hawaijui ni ile ya mwaka 2017 ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma. Inaweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara iwe ya ubora wa kuridhisha, na kwamba mnunuzi akimweleza mwuzaji kazi anayokusudia, bidhaa ifae kwa kazi hiyo. Ukisema nataka pedi za HiAce ya kubeba abiria, umekwisha kutaja kazi. Linganisha sharti hilo na maneno yanayochapwa chini ya risiti nyingi za mjini, kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, na mabango madukani yanayosema vifaa vya umeme havina marejesho kabisa. Wanunuzi huyasoma maneno hayo kana kwamba yametungwa na Bunge. Tatizo gumu zaidi ni kwamba risiti yenyewe mara nyingi haipo, au ipo na imeandikwa spea tu, bila aina, bila chapa, bila jina la duka linalosomeka. Desturi ya magendo, iliyozaliwa mtu akiogopa kukamatwa, imebaki kwa mtu anayetaka kupunguziwa shilingi elfu mbili tatu.

Kuna mafundi wa Kampala waliounda utaratibu wao bila kungoja serikali. Mwenye gari hununua kipuri mwenyewe au hufuatana na fundi hadi Kisekka. Boksi hubaki na mteja. Kifaa kilichotolewa hurudishwa mkononi mwake kikiwa kichafu vile vile, akitazame na kukipeleka nyumbani. Fundi mwangalifu hukwaruza alama yake ndogo kwenye ubavu wa bamba la pedi mpya kabla ya kuifunga, pamoja na tarehe. Miezi sita baadaye gurudumu likifunguliwa, alama ile itaonyesha kama pedi ni ile ile, nani aliifunga, na imelika kwa kiasi gani.